Bi Muhiba na Farasi wa Bure

Maziwa ya Habibo, Bi Muhiba aliyaonja kwa kidole kila asubuhi kwa miaka yote waliyojuana. Habibo alisimama mlangoni, chombo mkononi, akitazama paa la jirani mpaka kidole kitoke mdomoni na uso wa mteja wake ulegee. Hakuwahi kukutwa ametia maji hata siku moja. Hilo halikumtuliza Bi Muhiba. Lilimfanya aamini tu kwamba Habibo ni fundi kuliko wauza maziwa wengine. Mtaa mzima wa Majengo ulimjua hivyo: mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye nyumba ya udongo ya vyumba sita na shada la funguo kiunoni, asiyepokea neno la mtu mpaka aligeuze aone upande wa chini.

Usimcheke upesi. Alizaliwa Pangani ya zamani, akauona mtaa wao ukivunjwa na watu waliokuja wakitabasamu. Mumewe alipochukuliwa kwenda vita vya Wazungu huko Bama, aliambiwa ni safari fupi tu, na hakurudi. Halafu miaka michache tu nyuma, katika msako wa hali ya hatari, alfajiri moja, malori ya askari yaliizunguka mitaa yote ya mashariki, na wapangaji wake wawili wakapandishwa wakiambiwa watakuwa wamerudi kabla ya adhuhuri. Uji wao ulibaki jikoni mpaka ukaota ukungu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bi Muhiba alikuwa ameumwa na nyoka wa kila rangi.

Mtu wa kumwamini alibaki mmoja, naye alikuwa mjukuu wake Mishi, mtoto wa marehemu binti yake. Mishi alishikwa na homa akiwa mdogo, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake yote miwili na sehemu ya mgongo. Sasa alikuwa na umri wa miaka tisa, maneno mengi, akili nyingi, lakini akiketishwa bila kuegemezwa aliinama taratibu upande mmoja mpaka akalala. Bi Muhiba alimbeba mgongoni kwenda chooni, kwenda arusini, kwenda kila mahali. Alimbeba kwenda chuoni kusoma Kurani pia, mpaka mwalimu alipomwita kando akamwambia kwa upole kwamba watoto wenzake wanachoka kumwegemeza, hawasomi wala yeye hasomi. Siku atakapoweza kuketi mwenyewe, aletwe. Mishi aliyasikia maneno hayo akiwa mgongoni, na tangu siku hiyo alikuwa akijifunza kuketi juu ya mkeka, akianguka, akijiinua kwa viwiko, akianguka tena. Mtoto alikuwa akiongezeka na mgongo wa nyanya ulikuwa ukichakaa, na wote wawili walilijua jambo hilo bila kulitaja.

Basi asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na saba, maziwa yakiwa yamekwisha kuonjwa, Habibo hakuondoka.

"Muhiba, dada yangu, ile uwanja ya zamani ya mbio ya farasi unajua? Iko mzungu mwanamke pale. Anapandisha watoto ya miguu mbaya juu ya farasi. Batulo yangu anaenda kila Alhamisi. Zamani alikuwa analala kama nguo. Sasa anakaa."

"Anatoza kiasi gani?"

"Hapana toza. Bure."

Angesema ni ghali, Bi Muhiba angekwenda siku hiyohiyo. Neno bure ndilo lililomfunga miguu. Bure ghali, alijisemea, na mzungu akikupa kitu bure, jiulize amekwisha kuchukua nini. Farasi! Farasi ni mnyama wa mbio na wa askari. Tangu lini akawa daktari?

Lakini Mishi alikuwa amesikia. Hakulia wala hakubembeleza. Alikaa kimya siku nzima, na kimya cha mtoto mwenye maneno mengi ni kizito kuliko kilio. Alhamisi iliyofuata Bi Muhiba alimfunga mgongoni kwa leso, akavaa buibui juu, akaenda. Alikwenda kuona tu, alisema. Alikwenda kuwakamata.

Wazungu walikuwa wamehamisha mbio zao upande wa Ngong, na uwanja ulikuwa umebaki majani, kibanda kimoja cha mabati kilichokuwa zizi, na njia ya mviringo iliyokanyagwa na kwato za miaka mingi. Mzungu mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kwa fimbo. Homa ileile ilikuwa imempata ukubwani, ikamlaza, na yeye alishikilia kwamba farasi ndiye aliyemwamsha. Watu walimwita Memsahabu Fimbo. Msaidizi wake alikuwa Magan, mzee wa Kisomali kutoka Eastleigh mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliyewahi kuwa saisi, mtunza farasi wa mbio, siku uwanja ule ulipokuwa na watu.

Jambo la kwanza walilofanya lilimchoma Bi Muhiba roho. Walimpima Mishi kwenye mizani ya magunia. Kisha memsahabu akapiga magoti kwa tabu, akayabonyeza mapaja ya mtoto kwa vidole, huku, na huku, akimwambia Magan maneno ya Kiingereza. Ndivyo mtu anavyochagua mbuzi wa Idi.

"Mnampimia nini?" Bi Muhiba aliuliza.

"Farasi mdogo hapana weza mtu nzito," Magan alimjibu. "Lazima tujue."

"Na hayo mapaja?"

"Mama, kama hapana shika mguu, utajua aje iko nguvu wapi?"

Jibu lilikuwa zuri, na majibu mazuri ndiyo aliyoyaogopa zaidi. Akamgeukia Magan mwenyewe. "Na wewe mzee, unalipwa?"

"Hapana."

"Mwanamume mzima, unashinda hapa juani bure?"

"Bibi yangu Qali hapana taka mimi nikae nyumbani," Magan alisema, akaendelea kukaza ukanda wa tandiko.

Kila mtoto alihitaji watu watatu: mmoja mbele ashike kamba ya farasi, na wawili ubavuni, huku na huku, mkono juu ya paja la mtoto. Watu walikuwa wachache kila mara. Bi Muhiba aliposema haondoki ubavuni mwa mjukuu wake hata kama wataita askari, memsahabu alicheka, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Mzuri sana. Basi wewe natembea." Hivyo ndivyo Bi Muhiba alivyojikuta mfanyakazi wa kujitolea. Siku hiyo alitembea na Mishi, akatembea na Batulo wa Habibo, akatembea na kijana mmoja wa Kaloleni aitwaye Aloo, mwenye mikono inayotetemeka. Alirudi nyumbani vumbi mpaka kwenye kope, na wapangaji walipomuuliza amelipwa nini, aliwaambia hakulipwa. Akaona wanatazamana.

Farasi wa Mishi alikuwa mfupi, rangi ya kahawa, mzee, jina lake Shauri. Magan alimfundisha Bi Muhiba kazi kwa maneno machache. "Weka mkono hapa. Weka tu, hapana kamata. Mtoto akikaa sawa, toa mkono kidogo. Akianguka, rudisha." Sehemu ya kuweka mkono Bi Muhiba aliishika siku ya kwanza. Ya kuutoa hakuishika kabisa. Alilikamata paja la Mishi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kuku sokoni, maana alikuwa na hakika kwamba siku atakapoachia, Magan atalegeza kamba, farasi atatoka mbio, na mtoto hataonekana tena. Majengo ilikuwa na hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao na kuiuza, na kila mtu alikuwa na shangazi wa rafiki yake aliyeponea chupuchupu. Hadithi hizo zote zilianza na kitu cha bure.

Alhamisi moja, katikati ya mzunguko, alihisi kitu chini ya kiganja chake. Paja la Mishi, lililokuwa laini kama unga uliokandwa tangu ile homa, lilikaza, likalegea. Mwingine angepiga vigelegele. Bi Muhiba alisimama ghafla, akamtazama memsahabu kwa mbali, akajiuliza wamempaka mtoto nini. Usiku alimpekua Mishi mwili mzima, akamnusa, asipate kitu. Hakumwambia mtu. Hata Mishi hakumwambia.

Ikawa sasa anaogopa mambo mawili: kwamba wale watu ni waongo, na kwamba si waongo. La pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilimtaka atumaini.

Basi akafanya alilolijua. Magan alikuwa ameona jinsi anavyoshona, akampa blanketi moja la chini ya tandiko lililochanika, aende nalo nyumbani. Bi Muhiba alilishona vizuri sana. Na ndani ya bitana, katikati kabisa, alishonea hirizi ya Mishi, ile ya ngozi ngumu ya pembe nne iliyoandikwa aya, aliyokuwa ameivaa tangu uchangani. Alisema moyoni, kama kuna shari ndani ya mnyama huyu, itakutana na maneno ya Mungu kabla ya kumfikia mtoto. Akalirudisha blanketi, Magan akamshukuru, na yeye akaona kwa mara ya kwanza amewazidi akili.

Alhamisi mbili zikapita. Ya tatu alifika mapema, akachungulia zizini. Kwenye ndoo, nyuma ya mlango, palikuwa na vitambaa vilivyolowa damu. Kando yake chupa ya dawa nyekundu, na mpira mrefu wa kusafishia.

Moyo ulimpasuka. Lakini ulimpasuka kwa namna ya mtu aliyekuwa akingoja, na huenda palikuwa na raha kidogo ndani yake, raha ya kusema nilijua. Alimrudisha Mishi mgongoni, akamdanganya Magan kwamba mtoto anaumwa tumbo, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Mgeni.

"Nimeona kwa macho yangu," alimwambia. "Ndoo nzima ya damu."

"Ya watoto?"

"Ya nani tena?"

Bi Mgeni hakuhitaji kusukumwa. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja. Kabla ya magharibi ndoo ilikuwa imekuwa pipa. Wanawake wakapanga: Alhamisi inayofuata Bi Muhiba aende kama kawaida asishukiwe, nao watakuja baada ya alasiri kuwatoa watoto wote mle ndani. Mishi alipoambiwa kwamba hiyo itakuwa siku ya mwisho, aligeukia ukuta. "Kwa hiyo sitaketi tena," alisema. Hakuwa akiuliza.

Alhamisi ilipofika, Shauri hakuwa uwanjani. Alikuwa amefungwa zizini, amesimama kichwa chini. Magan alimwita Bi Muhiba pembeni, akatoa kitu mfukoni kilichofungwa kwa kitambaa safi. Ilikuwa hirizi ya Mishi.

"Mama, hii iko ndani ya blanketi," alisema polepole. "Mimi Muislamu, najua ni maneno ya Mungu. Memsahabu sikumwambia. Lakini ona." Akamgeuza Shauri. Katikati ya mgongo palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kimepakwa dawa nyekundu. "Kila siku mtoto anakaa juu, hii inakata. Kila siku inakata. Yeye hapana piga teke. Mimi nilikuwa natoa damu na kitambaa, najiuliza, hii ni nini?"

Bi Muhiba aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, na funguo kiunoni zikamwelemea. Mnyama ambaye yeye alimwita shari alikuwa amembeba mjukuu wake huku akikatwa mgongo na yeye mwenyewe Muhiba, na alikuwa amenyamaza. Alitaka kusema kitu, lakini kilichomtoka ni, "Alasiri imekwisha adhiniwa?"

"Sasa hivi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Alitoka nje mbio, na akakuta Mishi, aliyemwacha kwa memsahabu, amekwisha kupandishwa juu ya Malaika, farasi jike wa zamani wa mbio, mrefu, mweupe, aliyekuwa akibeba watu wazima. Aloo, aliyekwisha kupanda zamu yake, alikuwa upande wa pili, na Magan akaja akashika kamba mbele. Bi Muhiba aliinua mikono kulikamata paja kama kawaida yake, na mikono haikufika. Kwa ufupi wake ule, aliambulia kifundo cha mguu.

"Mshusheni," alisema. "Huyu ni mrefu. Atavunjika shingo."

"Nyanya, niache," Mishi alisema kutoka juu.

Ndipo wakasikia sauti. Wanawake wa Majengo walikuwa wakija kwenye majani, kumi na zaidi, mabuibui yamekunjwa viunoni, wengine na michi mikononi, Bi Mgeni mbele. Memsahabu alibadilika rangi. Siku hizo kundi kama lile bila kibali lilikuwa kesi, na askari wakija hawaulizi nani alikuja kwa ajili ya nini; wangelifunga zizi na kuwafunga watu.

"Muhiba! Mshushe mtoto!" Bi Mgeni alipiga kelele.

"Mgeni, nilikosea. Ile damu ni ya farasi."

"Ya farasi? Juzi ilikuwa ya watoto!"

"Ni mimi niliyemkata. Niliweka hirizi kwenye blanketi lake, ikamchubua."

Wanawake waliguna. Bi Mgeni akaweka mikono kiunoni. "Hee! Leo ni hirizi. Wamekupa nini hawa, Muhiba? Miezi yote hii unawafanyia kazi bure? Wewe? Wewe unayehesabu vijiti vya kiberiti? Nani atakuamini?"

Maneno yale Bi Muhiba aliyajua. Yalikuwa yake, kila moja, aliyasema mwenyewe kwa Magan, na sasa aliyasikia yanavyouma yakimjia mtu asiye na kosa. Jibu zuri lingekuwa ushahidi zaidi.

"Mtoto huyu namjua tangu kuzaliwa," Bi Mgeni aliwageukia wenzake. "Haketi hata kwenye mkeka. Sasa tazameni yuko juu ya limnyama hilo. Kama hawajamfunga kwa dawa au kwa kamba, basi ni Muhiba anayemshikilia. Mwachie, tuone!"

Bi Muhiba alimtazama Mishi. Mtoto alikuwa ameinama, ameegemea upande wake, upande wa nyanya, kama alivyoinama kila Alhamisi. Akifikiria kumshusha, aliona mwisho wa habari yenyewe: wanawake wataondoka wameshinda, zizi litafungwa, na Mishi atarudi ukutani. Akifikiria kumwachia, aliona shingo ya mtoto na ardhi ngumu. Aliogopa, aliogopa kuliko alivyoogopa malori.

"Mama," Magan alisema kutoka mbele, bila kugeuka, "toa mkono."

"Ataanguka."

"Nyanya," Mishi alisema kwa sauti ya chini, sauti ya wao wawili. "Ukinishika ndiyo naegemea. Najua upo, naegemea. Kila siku."

Hilo hakuwahi kulishuku. Alishuku mizani, vidole vya mzungu, ndevu za Magan, maziwa ya Habibo, dunia nzima, lakini mikono yake mwenyewe hakuishuku hata siku moja. Akafungua vidole, kimoja, kingine, mpaka kifundo cha mguu kikatoka. Alimwonyesha Aloo naye aachie. Magan akalegeza kamba kidogo, na Malaika akaanza kutembea.

Mishi aliinama upande wa nyanya, na nyanya hayupo. Akainama zaidi. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Kisha ule mgongo mdogo, polepole, kwa kutetemeka, ukajivuta, ukarudi katikati, ukapita katikati, ukarudi tena, ukatulia. Mikono yake ilikuwa imeshika nywele za shingo ya farasi. Kidevu kilikuwa juu. Walikwenda hivyo kwenye njia ya mviringo, Malaika akitupa kwato zake kwa raha ya farasi mzee anayejua mahali alipo.

Michi ilishuka. "Mashaallah," mmoja akasema, na mwingine akarudia. Habibo, aliyekuwa amekuja kumchukua Batulo, alikaa chini kwenye majani, akalia waziwazi. Bi Mgeni alinung'unika kwamba upande ule wa pili hawajauona vizuri, huenda kuna kitu upande ule, lakini alinung'unika bila nguvu na hakuna aliyemsaidia.

Bi Muhiba hakusikia lolote katika hayo. Miguu ilikuwa imempeleka yenyewe. Alikuwa ameingia katikati ya njia, mikono ameinyosha mbele, vidole wazi, tayari kumdaka mtoto atakapoanguka, maana bado aliamini ataanguka. Farasi alikuwa amemaliza mzunguko, alikuwa akimjia moja kwa moja, mrefu, mweupe, na juu yake Mishi ameketi.

"Nyanya," Mishi alisema, "tupishe."

Bi Muhiba akashusha mikono, akapisha.